Chai ya Binti Yangu Mkimbiaji

SEHEMU YA 1: Swali la mama mmoja

 Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa matatu tu, nguo bado ziko kwenye beseni, lakini nimeona niandike kwanza kabla sijaanza kufua. Nikianza kufua siandiki tena.

Wiki iliyopita kuna mama alinitumia ujumbe: "Nesi, mwanangu anacheza mpira, anakunywa chai kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi. Inamsaidia au inamharibu?"

Swali fupi. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Kwa sababu jibu la swali hilo lilinitokea humu humu nyumbani kwangu, kwa mtoto wangu wa kumzaa, na mimi ambaye kazi yangu ni wodi ya watoto sikuliona. Basi nimeamua kulieleza lote, pamoja na aibu yangu. Atakayecheka acheke, lakini ajifunze.

Wanaonifuata siku nyingi mnamjua kifungua mimba wangu. Nilimpata nikiwa bado chuo, nasomea diploma ya uuguzi, nikawa naenda darasani na tumbo. Sasa ana miaka 14, yuko kidato cha pili, mrefu kunizidi, na anakimbia. Kukimbia kwenyewe si kwa mchezo. Anakimbia mita 1,500 na mita 3,000, anaamka saa kumi na moja alfajiri bila kuamshwa, mtoto ambaye kumwamsha aende shule ni vita.

Huo ugonjwa wa mbio alikuwa nao toka zamani, ila ulizidi Septemba 2025, siku Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo. Mnakumbuka? Masaa mawili na dakika tisa za kukimbia, halafu anamzidi yule Mjerumani kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Binti yangu aliruka sebuleni mpaka akaangusha stuli. Kesho yake akaandika kwenye karatasi muda wake wa mita 1,500, dakika 5 na sekunde 14, akaibandika mlangoni kwake. Chini akaandika muda anaoutaka: dakika 5 kamili.

Nyumbani kwetu Arusha tunaishi na mama mkwe wangu, bibi wa watoto. Bibi ni mtu wa Karatu, na mambo ya mbio usimwambie kitu. Mwaka 1974 Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, bibi alikuwa msichana, na mpaka leo anasimulia kama aliyekuwepo uwanjani. Kwa hiyo mjukuu alipoanza mazoezi makali, bibi alijipa kazi. Kazi ya chai.

Chupa ya chai ya kwetu ni ile ya lita mbili, ya maua. Haikuwahi kuwa tupu. Saa kumi na moja alfajiri mtoto anakunywa kikombe cha chai ya rangi, kali, na kiporo. Akirudi mazoezini, kikombe kingine na chapati. Mchana akirudi shule, ugali na mboga za majani, na chai pembeni. Jioni baada ya mazoezi, chai. Usiku, wali na maharage, na chai ya kushushia. Bibi anasema mtoto wa mazoezi hali chakula kikavu.

Na mimi? Mimi nilikuwa nafurahi. Nilikuwa najisemea, afadhali chai kuliko soda.

SEHEMU YA 2: Mchele unaopungua

Kuanzia mwezi wa kwanza muda wake ulianza kwenda nyuma. Kutoka dakika 5 na sekunde 14, ikawa 5:20, ikawa 5:31. Mtoto anafanya mazoezi zaidi, anakimbia taratibu zaidi. Mwalimu wake wa michezo akanipigia simu. Ni mwalimu mzuri, anajitolea, sina ugomvi naye. Akasema, "Mama, naona binti ameanza uvivu. Labda ni umri huu, mchunguze na simu."

Nikamchunguza na simu. Nikamnyang'anya. Nikamsema kama mlivyo nyie mnavyojua kusema. "Unalala saa ngapi? Unachati na nani?" Akanijibu kitu ambacho nitakikumbuka mpaka nazeeka: "Mama, sichati na mtu. Miguu yangu inakuwa kama nimefungwa matofali."

Nikasema ni visingizio.

Jamani, naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu dalili zote zilikuwepo mezani. Alikuwa anapanda ngazi za shule anasimama katikati. Alikuwa anasema kichwa kinamuuma mchana. Alikuwa analala Jumapili mpaka saa sita. Hedhi yake ilikuwa imeanza mwaka mmoja nyuma, na inatoka nyingi, siku sita au saba, na mimi nilikuwa nampa pedi tu na pole.

Halafu kulikuwa na mchele. Mchele wa kwenye ndoo ulikuwa unapungua. Nikafikiri panya. Nikanunua mtego. Siku moja narudi zamu ya mchana naingia jikoni ghafla, namkuta binti yangu amesimama kwenye ndoo anatafuna mchele mbichi, kiganja kimejaa. Nikamgombeza kwamba atavunja meno. Wodini, mama akinieleza kwamba mtoto wake anatafuna mchele mbichi, au udongo, au barafu, swali langu la pili ni kuhusu damu. Kwangu jikoni niliwaza meno.

Siku ya mchujo wa kuchagua timu ya wilaya nilibadilishana zamu nikaenda. Bibi naye akaja, na chupa yake ya chai kwenye kikapu. Mbio zikaanza, mwanangu yuko mbele mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili akapitwa na mmoja. Mzunguko wa tatu akapitwa na watatu. Halafu nikamwona anaacha mstari wake, anatembea kama mtu anayetafuta kiti, akakaa kwenye majani. Akalala.

Nilikimbia na viatu vyangu vya kanisani. Nilipofika nikafanya kile ninachofanya kila siku kazini. Nikavuta kope la chini nikaangalia.

Lilikuwa jeupe. Jeupe kama karatasi, wenzangu. Nikaangalia viganja, vyeupe. Nikaangalia ulimi. Nilikaa pale chini kwenye majani nikashika mguu wake nikaanza kulia, watu wakafikiri mtoto amekufa. Sikuwa nalia kwa hofu ya kifo. Nilikuwa nalia kwa sababu kope lile lilikuwepo nyumbani kwangu kila siku asubuhi, na sikuwahi kulivuta.

SEHEMU YA 3: Damu na chai vinakutana wapi

Maabara wakanipa jibu: damu gramu 8.9 kwa desilita. Kwa msichana wa miaka 12 mpaka 14, Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 kuwa ni upungufu. Na sisi tunaoishi sehemu za juu kama Arusha mwili unatakiwa uwe na damu nyingi kidogo kuliko mtu wa pwani, kwa sababu hewa yetu ni nyepesi. Kwa hiyo ile 8.9 ilikuwa mbaya zaidi ya inavyosomeka.

Kaka wa maabara alikitazama kioo cha damu akaniita. "Sista, njoo uone. Chembe ndogo, zimepauka." Chembe nyekundu zikiwa ndogo na zimepauka, mara nyingi zinalalamikia madini ya chuma. Daktari akapima malaria, hakuna. Choo, hakuna minyoo. Selimundu, hana. Akaniuliza, "Anakula nini?" Nikamtajia. Akaniuliza, "Anakunywa nini na hicho chakula?"

Hapo ndipo nilipokaa kimya.

Sasa niwaeleze kwa lugha ya jikoni. Chuma kwenye chakula kiko cha aina mbili. Kuna chuma cha nyama, maini, samaki na dagaa, hicho mwili unakichukua kwa urahisi zaidi. Na kuna chuma cha mimea, yaani maharage, mchicha, mnafu, dengu, unga. Hicho cha mimea ni kigumu kuchukuliwa, kinataka kubembelezwa. Ukikipa limao, chungwa, embe, nyanya mbichi, kinakubali. Ukikipa chai, kinakataa.

Chai ina vitu vinaitwa tanini, ndivyo vinavyofanya ulimi ukauke ukinywa chai kali. Tanini ikikutana na chuma cha mimea tumboni, vinashikana, na vikishashikana mwili hauwezi kuvitenganisha. Vinapita pamoja mpaka chooni. Kikombe cha chai kali pamoja na chakula cha mimea kinaweza kupunguza chuma unachokipata kwa zaidi ya nusu. Na kuweka maziwa hakuondoi tatizo hilo. Kahawa nayo ni hivyo hivyo.

Sasa mpigie hesabu binti yangu. Chakula chake karibu chote ni cha mimea, nyama ni Jumapili. Kila mlo una chai. Hedhi inatoa damu kila mwezi. Na ni mkimbiaji. Mkimbiaji anapoteza chuma kidogo kwa jasho, chembe nyingine zinapasuka kwenye nyayo zinapogonga ardhi, na baada ya mazoezi makali mwili wenyewe kwa masaa kadhaa unafunga mlango wa kupokea chuma. Na bado anakua, anataka damu mpya kila siku. Mifereji minne inatoa, bomba moja linaingiza, na lile bomba sisi tumelifunga kwa chai.

Damu ndiyo inayobeba hewa kwenda kwenye misuli. Ukiwa na damu kidogo, mapafu yanafanya kazi, moyo unakimbia, lakini mzigo haufiki. Matofali ya miguuni aliyonieleza yalikuwa ya kweli.

Ngoja niseme na hili ili nisimtwishe chai mzigo wote. Chai peke yake haimwishii damu mtu mwenye akiba ya kutosha anayekula vizuri. Baba yake watoto anakunywa vikombe vitano kwa siku na damu yake ni 15. Shida ni chai juu ya chakula kisicho na nyama, kwa mtu ambaye tayari anapoteza. Yaani msichana aliyeanza hedhi, mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, na mwanamichezo. Mwanangu alikuwa wawili kati ya hao kwa mpigo mmoja.

SEHEMU YA 4: Kikao na bibi

Kurudi nyumbani na dawa za kuongeza damu ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa bibi.

Mnajua namna ya kumwambia mama mkwe kwamba chai yake ndiyo? Huwezi. Mwanamke huyu alinilelea huyu mtoto nikiwa chuo. Nilimwachia akiwa na miezi saba. Chai ile ilikuwa mapenzi, haikuwa kitu kingine.

Nikajaribu taratibu. "Mama, daktari amesema tupunguze chai wakati wa kula." Akanyamaza. Kesho asubuhi chupa iko mezani kama kawaida. Nikamwambia tena. Akasema, "Mwanangu, mimi nimekunywa chai tangu nikiwa mdogo na nimezaa watoto saba. Hao daktari wako wanataka mtoto ale ugali mkavu umkwame?" Na mume wangu amekaa pale anaangalia taarifa ya habari ambayo ilikuwa imeshaisha.

Basi Jumamosi nikafanya kitu. Nikachukua glasi mbili za kuonekana ndani. Ya kwanza maji ya moto, ya pili chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Nikachukua vidonge viwili vya kuongeza damu vilivyobaki vya kwangu, vya kliniki ya ujauzito uliopita, ambavyo tarehe ilikuwa imepita. Nikaviponda kwa mgongo wa kijiko. Kimoja nikatia kwenye maji, kingine kwenye chai, nikakoroga.

Maji yakawa na rangi chafu kidogo. Chai ikageuka nyeusi. Nyeusi kabisa, kama wino wa kalamu. Bibi akasogea. Akachukua miwani. Akaikoroga mwenyewe, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

Nikamwambia, "Mama, hicho cheusi ndiyo chuma kimeshikwa na chai. Ndivyo inavyokuwa kwenye tumbo la mjukuu wako akinywa chai na maharage."

Alikaa muda mrefu. Halafu akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemmaliza?"

Nikamwambia hapana mama, mimi nesi ndiye niliyekuwa nakaa meza moja na yeye. Tukalia wote wawili pale jikoni, na ile glasi ya wino katikati. Halafu akafuta macho akasema, "Sasa atakunywa lini? Maana chai hatuachi."

Na hapo alikuwa sahihi kuliko mimi. Kwa sababu chai si adui, na hapa ndipo swali la yule mama linapopata jibu.

(Nawaomba: msifanye lile jaribio na dawa za mtoto ambazo bado zinatumika, na msiache vidonge vya damu mahali mtoto mdogo anafika. Vinafanana na pipi, na mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua. Akivimeza, mkimbize hospitali hata kama anacheka.)

SEHEMU YA 5: Chai ikae saa yake

Chai ina faida kwa mtu wa mazoezi. Nenda Iten kule Kenya, mita 2,400 juu, wakimbiaji wakirudi asubuhi wanakunywa chai ya maziwa, tamu, ya moto. Hawakosei. Fikiria kilichomo: maji yaliyochemshwa, yanarudisha jasho lililopotea. Sukari, inaanza kujaza nguvu iliyotumika kwenye misuli. Maziwa, yanaleta protini ya kukarabati misuli. Kikombe cha robo lita chenye nusu maziwa kina protini gramu kama 4. Na ile kafeini inachangamsha kidogo. Wengi tumezoea kusikia kwamba chai inakausha maji mwilini. Kwa vikombe vya kawaida si kweli, maji yake unayapata.

Lakini kikombe peke yake si chakula. Mtoto aliyekimbia kilomita sita anahitaji na viazi vitamu, au mkate na yai, au ndizi.

Na tangawizi? Tangawizi imejaribiwa na watu wa mazoezi na imeonekana kupunguza maumivu ya misuli kidogo ikiliwa siku kadhaa mfululizo. Kidogo, sio muujiza. Weka kwa sababu ni tamu.

Sasa kafeini. Kikombe cha chai ya rangi kina kama miligramu 40 hadi 50, inategemea umeikoleza vipi. Kwa mtoto na kijana, kiasi kinachokubalika ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Binti yangu ana kilo 44, kwa hiyo ni kama 130, yaani vikombe viwili mpaka vitatu vyepesi. Yeye alikuwa anakunywa vitano vikali, cha mwisho saa mbili usiku, halafu mimi namlaumu simu kwamba hapati usingizi. Usingizi ndio mazoezi ya pili. Misuli inajengwa umelala.

Kwa hiyo kikao cha jikoni kilipanga hivi, na bibi ndiye aliyesimamia:

Alfajiri kabla ya mazoezi: maji na ndizi moja. Chai hakuna.

Asubuhi akirudi: kidonge chake kama daktari alivyoandika, kwa maji ya limao au chungwa. Halafu kifungua kinywa, yai na viazi, au mtori. Chai hakuna.

Saa nne, mapumziko ya shule: hapo chai ruksa, na andazi lake.

Mchana: maharage au dagaa na mboga, na kachumbari yenye limao juu. Chai hakuna. Dagaa bibi anawasaga anachanganya kwenye mboga, hata mdogo wake mwenye miaka mitatu anakula bila kujua.

Jioni saa kumi na moja na nusu baada ya mazoezi: chai ya maziwa ya bibi, nyepesi, na kitu cha kutafuna. Hiki ndicho kikombe chake cha heshima.

Usiku saa mbili: chakula, na maji. Maini mara moja kwa wiki badala ya nyama ya Jumapili, bei yake haitofautiani sana.

Mkishindwa yote, shikeni hili moja: chai ikae mbali na chakula, angalau saa moja, na ikiwezekana mbili. Hata kwenye kumeza vidonge vya damu ni hivyo hivyo. Wajawazito mnaomeza vidonge vya kliniki kwa chai ya asubuhi, mmeona ile glasi ya wino. Mnavitupa.

Na kwa nyie wenye wachanga: chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Mpaka miaka miwili chai ya majani haina kazi kwenye kikombe cha mtoto. Najua tunachovya mkate kwenye chai tunampa, inaonekana ameshiba. Ameshiba maji ya rangi. Mpe uji wenye maziwa au karanga. Wale mnaotaka kitu cha moto kisicho na kafeini, chemsheni mchaichai. Rosela nzuri, lakini nayo ina vitu vya kushika chuma, isikae na chakula.

Mwisho wa habari yetu. Vidonge vilimsumbua wiki mbili za kwanza, kichefuchefu na choo cheusi. Choo kuwa cheusi kwa dawa hizo ni kawaida, msiogope mkaziacha. Baada ya wiki nne damu ikawa 10.2. Baada ya miezi mitatu, 12.1. Ameendelea na dawa hata baada ya hapo kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu namba ikipanda akiba ya mwili bado haijajaa. Hapa wengi tunakosea, tukiona mtoto amechangamka tunaweka dawa kabatini. Na hedhi yake tuliipeleka kwa daktari pia. Hedhi ya siku saba inayojaza pedi kila saa mbili si ya kupewa pole tu.

Mchele haupungui tena. Mtego wa panya nimempa jirani.

Timu ya wilaya hakuingia. Nafasi ilishakwenda, na watoto waliochaguliwa waliistahili. Alilia siku moja, akaamka siku ya pili saa kumi na moja. Nilimrudishia simu yake na nikamwomba msamaha, nikapiga magoti kabisa sebuleni. Kwetu mzazi kupiga magoti kwa mtoto si kawaida, bibi aliguna. Lakini nilimwita mwanangu mvivu akiwa na damu 8.9, na alikuwa ameniambia ukweli kwa mdomo wake. Mwalimu naye nilimweleza. Sasa amewaomba wazazi wa wasichana wote wa timu yake wawapeleke kupima, na wawili wamekutwa chini.

Jumamosi iliyopita alikimbia mazoezini mita 1,500 kwa dakika 5 na sekunde 12. Alipofika mstarini alikuwa anahema lakini midomo ina rangi yake. Bibi alikuwepo na kikapu. Mtoto akanyoosha mkono kwenye chupa. Bibi akaangalia saa yake, akamwambia, "Umekula saa ngapi?"

Mama zangu, leo jioni kabla hamjalala, muite mwanao karibu na taa. Vuta kope lake la chini taratibu. Ndani kunatakiwa kuwe na wekundu. Ukiona pamepauka, usianze na vidonge vya dukani, usianze na juisi ya rozera na maziwa, anza na kupima. Kope linaweza kukudanganya, kipimo cha damu ni tone moja la kidoleni.

Yule mama wa mpira, nimekujibu. Chai ya baada ya mazoezi mpe, na kitu cha kula kisicho na haraka ya chuma, andazi au kiazi. Ya kwenye chakula cha mchana na usiku, iondoe. Na mpime damu.

Jumapili ijayo nitaandika kuhusu wasichana na hedhi nyingi, maana najua maswali yatakayokuja. Niacheni nikafue sasa.